Chai laini ya krimu: majani ya vanila, karak au chai ya maziwa ya kuchemsha, uchukue ipi?

Ukitaka chai laini, nzito kidogo, ile inayoteremka bila kukukausha ulimi, siku hizi unakutana na njia tatu na kila moja ina watu wake wanaoapa kwamba ndiyo yenyewe. Kuna majani meusi yaliyotiwa ladha ya krimu na vanila, mara nyingi pamoja na bergamoti, yale yanayouzwa kwa jina la Earl Grey Cream au majina yanayokaribiana na hilo. Kuna karak ya Ghuba, ya maziwa ya kopo na iliki. Halafu kuna chai ya maziwa tuliyoizoea, ya kuchemsha sufuriani na maziwa ya ng'ombe, tangawizi na iliki, kuanzia Tanga mpaka Kisumu. Watu wanauliza ipi bora, na kiukweli swali likija hivyo halijibiki, maana hizi tatu zinaitwa laini kwa sababu tofauti kabisa.

Kwenye majani ya krimu ulaini uko puani. Kwa kawaida hamna maziwa mle, ni vanila na fleva nyingine zinazokumbusha maziwa, unanusa unaamini unakunywa kitu kinene wakati kilichopo mdomoni ni chai ya rangi tu. Kwenye karak ulaini unatoka kwenye maziwa yaliyopunguzwa maji kiwandani, karibu asilimia 60 ya maji yake yametolewa, kwa hiyo mafuta na protini vimebanana kwenye kopo dogo. Kwenye chai ya kuchemsha unatoka kwenye mafuta ya maziwa fresh na ule muda maziwa na majani vinakaa pamoja motoni. Jiulize kwanza unatafuta ulaini wa wapi.

Nitazipima kwa mambo manne: ladha mdomoni, upikaji na pale inapoharibika, mfuko na upatikanaji, na inavyovumilia kukaa kwenye chupa. Sukari nimeiweka pembeni makusudi, maana sukari nyingi inafanya chai zote zifanane.

Kwanza, namna ya kuonja bila kujidanganya

Waonjaji wa chai, wale wanaofanya kazi ya mnada wa Mombasa mfano, wanafyonza chai kwa kelele kwenye kijiko, wanaizungusha mdomoni, wanaitema. Ile kelele siyo utovu wa adabu, hewa inaingia pamoja na chai na kupandisha harufu puani kwa nyuma. Kipimo cha kimataifa cha kuonjea ni gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, dakika 6. Hiyo ni chai kali mno kwa kunywa, lengo lake ni kasoro zijitokeze.

Nyumbani huna haja ya kufika huko. Onja bila sukari, onja ikiwa moto, onja ikiwa vuguvugu, onja ikishapoa kabisa. Hapo kwenye kupoa ndo ukweli unapotoka, hasa kwa majani ya fleva, kwa sababu fleva ya bei rahisi ikipoa inabaki kama sabuni nyuma ya ulimi. Na angalia ukakasi, ile hali ya mashavu kukauka kwa ndani. Maziwa yanapunguza ukakasi kwa sababu protini yake inashikana na tanini za chai, yaani vile vitu vinavyoleta ukakasi, ndiyo maana karak inaweza kupikwa kali vile na bado ikanyweka.

Ladha mdomoni

Majani ya krimu. Fungua pakiti, nusa kabla hujaweka maji. Bergamoti ni tunda jamii ya michungwa, linalimwa sana Calabria kusini mwa Italia, na kinachotumika kwenye chai ni mafuta ya ganda lake, yana harufu kali ya ndimu yenye uchungu kidogo na kitu fulani cha maua. Vanila inakuja kuilaza ile harufu. Ikiwa imetengenezwa vizuri unapata chai kwanza, halafu bergamoti, halafu krimu inabaki mwishoni ukishameza. Ikiwa mbaya unapata pipi kuanzia mwanzo mpaka mwisho na chai yenyewe huioni. Yale maua ya buluu unayoyaona kwenye baadhi ya pakiti hayana kazi kinywani, ni urembo, usilipie zaidi kwa sababu yake. Uzito wake ni mwepesi, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa, wameahidiwa krimu kwenye jina halafu wanapata maji yenye rangi. Ukitaka uzito itabidi uongeze maziwa mwenyewe, kama wafanyavyo kwenye London Fog, kinywaji kilichoanzia Vancouver, Kanada: chai ya Earl Grey (chai nyeusi yenye bergamoti) iliyokolea, maziwa ya moto yaliyopigwa povu, na sharubati ya vanila.

Karak. Inaanza na ukali, iliki inafuata, na chini kuna ladha fulani ya maziwa yaliyoiva sana, karibu na karameli, ambayo inatokana na joto ambalo maziwa ya kopo yalipitishwa kiwandani. Rangi ni ya kahawia inayoelekea chungwa. Baadhi wanatia zafarani, wengine mdalasini, lakini iliki ndo mwenye nyumba. Chai hii ilifika Ghuba na wafanyakazi kutoka India na Pakistani, sasa ukienda Doha, Dubai au Muscat unaona magari yamepanga foleni nje ya kibanda, mtu anapiga honi, kikombe cha karatasi kinaletwa dirishani. Ni nzito kuliko zote tatu, na kikombe kidogo kinatosha. Mtu anayejaza magi ya nusu lita ya karak atajuta kabla hajafika nusu.

Chai ya maziwa ya kuchemsha. Hii ladha yake inabadilika na ng'ombe, na mkono wa mpishi, na mvua. Maziwa fresh yenye mafuta yake yanaleta utamu wa asili ambao kopo halina. Majani yetu mengi ni ya CTC, zile punje ndogo ngumu, majani yamesagwa, yamechanwa na kuviringwa kwa mashine, yanatoa rangi na nguvu haraka, na yametengenezwa kwa ajili ya maziwa haswa. Ukitumia majani marefu ya kifahari humu unayapoteza bure, maziwa yanayafunika. Tangawizi inatoa joto kooni, iliki inatoa harufu, na mwisho unabaki na chai inayoshibisha. Siyo laini kama karak, ila ni laini kwa namna ya chakula.

Upikaji, na wapi unaweza kuharibu

Majani ya krimu ndiyo rahisi kwa vifaa na ndiyo yenye madeko. Kijiko kimoja kidogo, kama gramu 2 mpaka 2.5, kwa kikombe cha mililita 200. Maji yachemke halafu yatulie kidogo, dakika 3 mpaka 4, chuja, toa majani yote. Ukiwa Dar maji yanachemka karibu nyuzi 100, unaweza kuliacha birika lipumue dakika moja. Ukiwa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hapo mimina moja kwa moja wala usisubiri. Njombe na Limuru vilevile.

Kosa kubwa ni kuyatia sufuriani na kuyachemsha kama majani ya kawaida. Harufu ya bergamoti na vanila ni vitu vinavyoruka na mvuke, ukichemsha dakika tano jiko zima litanukia vizuri na kikombe chako kitakuwa hakina kitu. Kosa la pili ni maji. Maji ya kisima yenye chumvichumvi, yale ya maeneo mengi ya pwani, yanaleta utando juu ya chai na yanazima harufu, kwa chai hii tumia maji laini yaliyochujwa au hata ya chupa. Na kosa la tatu ni la kabatini: majani ya chai yanavuta harufu ya jirani yake, ukiyaweka karibu na masala ya pilau, baada ya wiki chache utakuwa na Earl Grey ya bizari. Bati linalofunga vizuri, mbali na jua, basi. Kingine, usikamue limau kwenye kikombe ambacho utatia maziwa, maziwa yatakatika. Bergamoti yenyewe haina shida hiyo kwa kuwa yaliyomo ni mafuta ya ganda, siyo maji ya tunda.

Karak inataka sufuria na uangalifu wa kama robo saa. Kwa vikombe viwili vidogo: maji vikombe viwili, majani ya CTC vijiko vidogo vitatu, iliki punje nne au tano zilizopondwa na ganda lake, sukari kiasi chako. Chemsha dakika tano mpaka saba, rangi iwe nyeusi kabisa hadi uogope, ndipo tia maziwa ya kopo, kama gramu 160 hivi, kopo lile dogo. Punguza moto, iache ipande na kushuka mara mbili tatu, na kila ikipanda chota na upawa umimine kutoka juu. Ule mmimino unaingiza hewa, chai inakuwa nyororo na povu dogo linakaa juu. Pasipo hatua hiyo utakuwa na chai kali ya maziwa ya kopo, ambayo siyo mbaya lakini siyo karak.

Inaharibika namna mbili. Ya kwanza ni kuhurumia majani, chai inatoka tamu na butu. Ya pili ni kutumia maziwa ya kopo matamu yale mazito badala ya yasiyo na sukari bila kuondoa sukari yako, hapo unakunywa sharubati. Unaweza kutumia hayo matamu, wapo wanaoyapenda, ila sukari nyingine usiongeze hata chembe.

Chai ya maziwa, kila mtu anadhani anaijua. Nusu maji nusu maziwa ndo kipimo cha kuanzia, theluthi mbili za maziwa kama kuna wageni. Sasa sikiliza hapa kwenye tangawizi. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, ukiikwangua ndani ya maziwa ya vuguvugu na kuyapandisha moto polepole, unaweza kuona vipande vyeupe vinaelea na maji ya kijanijani pembeni, halafu mwenye duka analaumiwa kwamba ameuza maziwa yaliyolala. Dawa ni ndogo: chemsha tangawizi na maji peke yake kwanza, ichemke kweli dakika tatu nne, moto unaua kile kimeng'enya, ndo utie majani, iliki, na maziwa mwisho. Sukari tia mwishoni kabisa.

Baada ya maziwa kuingia usiondoke. Maziwa hayana huruma na mtu anayejibu meseji, yanakaa kimya muda wote halafu yanapanda ndani ya sekunde mbili na kuzima jiko la gesi. Upawa ndani ya sufuria unasaidia kidogo, kusimama hapo unasaidia zaidi. Iache ichemke dakika chache baada ya kupanda mara ya kwanza, rangi iwe ya kahawia iliyoiva, usiiache ikiwa na rangi ya udongo mweupe.

Mfuko na upatikanaji

Hapa hakuna mjadala mrefu. Chai ya kuchemsha inapatikana popote penye duka na muuza maziwa, majani yake ni ya hapa hapa, Kericho, Nandi, Mufindi, Rungwe, Usambara, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa kikombe, hasa ukipikia watu wengi. Gharama iliyojificha ni gesi na maziwa pale yanapopanda bei kiangazi.

Karak iko katikati. Majani ni yaleyale ya CTC, iliki ndo inauma mfukoni maana iliki nzuri siyo ya bei ndogo, na kopo la maziwa linaisha kwa vikombe viwili. Ila kopo halitaki friji kabla halijafunguliwa, kwa anayeishi ghetto lisilo na friji hiyo ni faida ya kweli.

Majani ya krimu ni ghali kwa pakiti, na mengi yanatoka nje, utayakuta supamaketi kubwa, maduka ya chai ya mijini au kuagiza mtandaoni. Lakini piga hesabu kwa kikombe, siyo kwa pakiti: gramu 100 inatoa vikombe kati ya 40 na 50, hakuna maziwa ya lazima, hakuna gesi ya dakika kumi. Pengo linapungua kuliko inavyoonekana rafuni. Tatizo ni kwamba harufu inafifia pakiti ikishafunguliwa, kwa hiyo mtu anayekunywa kikombe kimoja kwa wiki anatupa nusu ya hela yake. Kuna wanaotengeneza yao nyumbani kwa kuweka kipande cha ganda la vanila, ya Uganda kwa mfano, ndani ya bati la majani mazuri ya kawaida na kuliacha wiki mbili tatu. Inatoka pole sana, bila bergamoti, ila ni vanila ya kweli na inafaa kujaribu.

Kukaa kwenye chupa na kupashwa

Chai ya kuchemsha inavumilia chupa ya chai kwa saa kadhaa, ikishuka joto ndo uanze kuiogopa, maana maziwa ya vuguvugu ya mchana kutwa siyo kitu cha kuchezea. Ikipashwa inakubali, utando wa juu utoe au uule, wapo wanaougombania. Karak ikikaa inazidi kuwa chungu kwa sababu chembe za majani zilizopita kwenye chujio zinaendelea kutoa, chuja mara mbili kama unaiweka. Majani ya krimu hayapashwi. Kwenye chupa yanakaa saa moja hivi yakiwa na harufu, baada ya hapo unabaki na chai ya rangi ya kawaida. Ila yakipoa yanafaa na barafu, jambo ambalo hizo nyingine mbili hazifanyi vizuri, chai ya kuchemsha ikipoa mafuta yanaganda juu.

Kidogo kuhusu mwili. Zote tatu zina kafeini, kikombe cha kawaida cha chai nyeusi huwa na miligramu 40 mpaka 50 hivi, na karak kwa majani yake mengi inaweza kupita hapo, kwa hiyo siyo ya saa nne usiku kama una kazi asubuhi. Tanini za chai zinapunguza mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage, mwenye upungufu wa damu bora anywe chai mbali na mlo, iwe aina yoyote kati ya hizi.

Sasa kwa hali yako

Unaishi peke yako, una birika la umeme tu, unakunywa ukiwa kwenye kompyuta: majani ya krimu. Hutaosha sufuria, na kikombe kimoja unakipika bila hasara. Hali ni hiyohiyo kwa mtu ambaye maziwa yanamsumbua tumbo lakini anatamani ile hisia ya krimu, ila asome kibandiko nyuma ya pakiti, michanganyiko michache ina vitu vya maziwa ndani.

Familia, watoto wanaenda shule, kuna mandazi au chapati za jana: chai ya kuchemsha, wala usihangaike. Hizo nyingine mbili hazishibishi na hazigawanyiki kwa watu sita. Kwa watoto punguza majani, maziwa yazidi.

Wageni wa jioni, au baada ya futari watu wamekaa wanapiga stori na kuna visheti au kaimati: karak kwenye vikombe vidogo. Anayekuja na kumbukumbu za Muscat atakushukuru, na asiyeijua ataomba cha pili. Kama kati ya wageni kuna mzee anayependa chai yenye tangawizi, mpikie ya kwake pembeni, karak haina tangawizi ya kumtosha.

Unaacha sukari taratibu: anza na majani ya krimu, vanila inaudanganya ulimi kwamba kuna utamu. Karak isubiri, bila sukari kabisa inakuwa ngumu kwa wengi.

Uko Ulaya au Marekani na unaikumbuka chai ya nyumbani: tafuta majani ya CTC kwenye duka la Wahindi au la Wasomali, majani ya kwenye vifuko vya supamaketi za huko mara nyingi ni mepesi kwa maziwa mengi, weka vifuko viwili ukikosa. Na kwa kuwa majani ya krimu huko yamejaa na bei imetulia, hapo ndipo pazuri pa kuyajaribu kabla hujambebea mtu zawadi.

Na kama bado umegawanyika kati ya krimu na karak, nunua pakiti ndogo ya gramu 50 ya ile ya kwanza na kopo moja la ile ya pili, pika zote siku moja, ile ambayo umeimaliza ikiwa imeshapoa ndiyo yako.